Hamsini na Moja Mara Tano

Saa mbili na nusu asubuhi, Mkuu wa kituo alilitua faili juu ya meza ya Inspekta kama mpishi anayeepua sufuria: chakula kimeiva, kilichobaki ni kupakua.

"Mzee amekiri," alisema.

"Amekiri nini, afande?"

"Kwamba daftari si lenyewe. Amelinakili upya baada ya ajali. Mkono wake, kalamu moja, siku moja. Unataka nini tena? Andaa maelezo, Jumatatu tumpeleke mahakamani."

Inspekta hakulifungua faili. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba shingoni. Aliingia polisi na shahada ya hisabati mkononi, na mwaka wake wa kwanza akairudisha ripoti ya mkubwa wake kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Tangu siku hiyo walimwita Desimali. Walianza kumwita hivyo kwa kejeli. Yeye akalivaa jina lile kama nishani.

"Leo ni Jumatano," alisema. "Nipe mpaka Ijumaa."

"Utafanya nini mpaka Ijumaa?"

"Nitahesabu."

Mkuu alicheka kidogo, akatoka. Hakukataa, na kwa Mkuu yule kutokukataa kulikuwa ndiyo ruhusa.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Siku kumi na moja nyuma, alfajiri, ukingo wa pembeni wa bwawa linalonywesha mji mzima uliporomoka ukaifukia nyumba ya pampu, na fundi wa pampu akiwa ndani. Ukuta mkubwa wa bwawa ulisimama, mji haukugharikishwa, lakini fundi alitolewa udongoni mchana akiwa maiti.

Aliyekuwa mahabusu ni Mzee wa Ndoo. Kila mtu pale bwawani alimwita hivyo, maana kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa ndoo. Ndani ya kila ukingo wa udongo maji hupenya kidogo kidogo, na mabomba huyakusanya na kuyatoa nje. Mara tatu kwa siku mzee aliitega ndoo ya lita kumi chini ya bomba, akabonyeza saa, akahesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Ikichelewa kujaa, ukingo ni mzima. Ikianza kujaa upesi, maji yamepata njia. Aliandika sekunde hizo kwenye daftari, kisha akazipeleka ofisini kwa simu, nako zikaingizwa kwenye jedwali la kompyuta.

Sasa daftari na jedwali vilikuwa vimekosana. Kwa miezi mitano vilikwenda sawa, namba kwa namba. Kuanzia tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kabla ya ule uliopita, siku arobaini na tatu kabla ya ajali, kila kimoja kilishika njia yake. Jedwali lilisema ukingo mzima: hamsini na moja, arobaini na tisa, hamsini na mbili, mpaka siku ya mwisho. Daftari lilisema ukingo unakufa: arobaini na nane, arobaini na tano, arobaini, thelathini na tatu.

Kimoja kilikuwa kimetungwa. Na daftari, kwa kauli ya mwenyewe, liliandikwa kwa siku moja, baada ya maafa.

*

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alimkaribisha kana kwamba chumba kile cha mahojiano ni sebule yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, mgongo umenyooka kama rula.

"Umekiri kulinakili daftari."

"Sikukiri. Nilisema. Kukiri ni kwa mwenye kosa." Alizungumza taratibu, hakupandisha sauti. "Lile la kwanza lilikuwa mfukoni mwangu siku ile. Niliingia kwenye tope mpaka kifuani kumtafuta shemeji yangu. Nilipotoka, wino ulikuwa unakimbia. Nikakaa nikalinakili ukurasa kwa ukurasa kabla halijawa uji."

"Na lile la kwanza liko wapi?"

"Lilinyambuka mkononi. Nikalitupa. Nilidhani namba ni namba, popote ziandikwapo."

Inspekta alimtazama. "Nani alikuona ukinakili?"

"Hakuna."

"Fundi wa pampu alikuwa shemeji yako kwa upande gani?"

"Mume wa dada yangu mdogo. Nilimwambia ukingo unavuja, akasema pampu haziwezi kuachwa peke yake, mji utakosa maji." Kwa mara ya kwanza alitazama chini. "Dada yangu ameambiwa nilikuwa nakaa nyumbani natunga namba. Hajaja kuniona. Simlaumu."

"Ulimwarifu nani mwingine?"

"Ofisi. Kwa simu, kila siku, mara tatu, kama kawaida."

"Nani alikuwa anapokea?"

"Mwanzoni binti karani. Baadaye Meneja mwenyewe. Alisema binti ana kazi nyingi."

"Alikujibu nini ulipomwambia arobaini?"

"'Endelea kupima, mzee.'" Aliinua uso. "Nikaendelea kupima. Inspekta, mimi shule niliishia darasa la saba. Sina cheti cha kutundika ukutani. Lakini katika miaka ishirini na sita sijaandika namba ambayo sikuiona kwa macho yangu. Hata siku mke wangu alipojifungua nilipima kwanza ndipo nikaenda. Alininunia mwaka mzima."

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa ghorofa ya pili, yenye dirisha kubwa linalotazama maji. Ukutani palitundikwa cheti ndani ya fremu: miaka kumi na miwili bila siku hata moja ya mgao wa maji mjini. Meneja aliona Inspekta anakisoma, akamwacha akimalize.

"Hakuna bwawa jingine lenye hiyo," alisema. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya darasani. "Ndiyo maana nimeumia. Mtu mmoja mzembe ameichafua kazi ya watu mia mbili."

"Una uhakika alikuwa mzembe?"

Meneja aliligeuza jedwali lililochapwa, akaweka kidole. "Tazama huku nyuma, miezi mitatu kabla. Hamsini na moja, hamsini na moja, hamsini na moja, hamsini na moja, hamsini na moja. Mara tano mfululizo! Wewe ni mwanahesabu, nimesikia. Bwawa gani linatulia namna hiyo? Huyo alikaa kivulini akarudia namba ya jana. Maji hayana kauli moja, Inspekta. Maji hubadilika kila saa."

Inspekta aliandika sentensi ile neno kwa neno.

"Na hizi za siku arobaini na tatu?"

"Alinipigia akanitajia hivi hivi zilivyo. Nikaziingiza. Ningejuaje anatunga? Ukingo ulipoanguka akakimbilia kutengeneza daftari jipya ili aonekane alituonya." Alifungua mikono. "Njia ya mwongo ni fupi."

Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta aliposhuka ngazi alijua hivyo. Hamsini na moja mara tano. Daftari lisilo na doa la tope, la kalamu moja. Mtu mwingine yeyote angefunga faili. Hata Sajini wake, aliyekuwa akimsubiri kwenye gari, alisema, "Mzee amejimaliza, afande. Karatasi imemkana."

"Karatasi ndiyo," alisema Inspekta. "Twende kituoni. Nahitaji ndoo."

*

Sajini alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye miaka kumi na tisa kazini na viatu anavyovipenda kuliko watoto wake. Inspekta alimkalisha mezani na karatasi tupu.

"Jifanye wewe ndiye mpimaji mvivu. Uko nyumbani. Nitungie namba sitini za ndoo, zinazozunguka hamsini na moja. Zifanane na za kweli, unidanganye."

"Kudanganya kwa amri ya serikali," alisema Sajini. "Leo nimepandishwa cheo."

Aliandika kwa dakika kumi, ulimi nje. Alipomaliza, Inspekta aliichukua karatasi bila kuisoma, akampeleka uani kwenye bomba la kuoshea magari. Aliifungua koki kidogo tu, akapunguza, akaongeza, mpaka ndoo ikawa inajaa kwa sekunde hamsini na ushei. Kisha akampa saa.

"Sasa sitini za kweli."

"Afande! Sitini?"

"Mzee wa watu amefanya tatu kwa siku kwa miaka ishirini na sita. Fanya hesabu uone zako ni ngapi kati ya zake."

Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Askari walijaa madirishani kumshangilia. Mmoja aliuliza kama Sajini amehamishiwa idara ya bustani. Mwenyewe alimwaga ndoo, akatega ndoo, akabonyeza, akaandika, huku vile viatu vya fahari vikilowa. Ya ishirini aliitukana. Kufika ya arobaini alikuwa amenyamaza, ameinama, jicho kwenye ukingo wa ndoo kama fundi saa.

Ndani, Inspekta aliziweka karatasi mbili sambamba.

"Hesabu ni mara ngapi namba imefuatwa na namba ile ile."

Sajini alipitisha kalamu. Kwenye zile alizotunga: mara tatu. Kwenye zile alizopima: mara kumi na nane. Alihesabu tena, akapata kumi na nane.

"Na hapa," alisema polepole, "arobaini na tisa imekuja mara nne mfululizo. Lakini niliipima, Mungu shahidi. Nilidhani hata saa imeharibika."

"Ulipokuwa unatunga, mbona hukuandika arobaini na tisa mara nne?"

"Ingeonekana ya uongo."

"Ndiyo hiyo." Inspekta alivua miwani. "Bahati haina kumbukumbu, Sajini. Ndoo haikumbuki ilichosema mara ya mwisho, kwa hiyo haioni haya kukirudia. Mtu ndiye anayekumbuka. Mtu akitunga ovyo hukimbia kurudia, anadhani ovyo maana yake ni kubadilika kila mara. Na kwa kukimbia huko anaacha nyayo."

Sajini alikaa. Maji yalikuwa yakimtoka viatuni yakichora ziwa dogo sakafuni. "Lakini daftari, afande. Limenakiliwa."

"Ukinisalimu asubuhi, 'Habari za asubuhi?', nami nikajibu 'Nzuri', umepata habari gani?"

Sajini alifikiri. "Hakuna. Ningejua tu utasema nzuri."

"Na siku nikijibu 'Mbaya'?"

"Nitasimama."

"Hiyo ndiyo habari. Inapimwa kwa mshtuko wake: neno ulilolitarajia halina uzito, usilolitarajia ndilo lina uzito. Na uzito huo haukai kwenye wino. Niambie 'mbaya' kwa mdomo, kwa simu, kwa barua iliyonakiliwa mara mia, uzito ni ule ule. Mkuu anachunguza karatasi. Mimi nachunguza kilichopanda juu ya karatasi."

Mchana ule walihesabu namba za bwawa. Miezi mitano ya mwanzo, ambayo hakuna aliyeibishia: katika kila namba kumi, karibu tatu zilirudia iliyotangulia. Siku arobaini na tatu za daftari, namba mia moja ishirini na tisa: marudio thelathini na nne, mwendo ule ule. Siku hizo hizo za jedwali: marudio matano.

"Matano," alisema Sajini. "Jedwali limetungwa."

"Na tazama hamsini kamili. Zamani ilitokea kila baada ya siku moja au mbili. Hapa imetokea mara nne tu. Mtunzi aliiona hamsini ni nzima mno, itamuumbua."

Sajini alipiga meza kwa furaha. Kisha akauondoa mkono, maana Inspekta hakufurahi.

"Meneja atasema nini?" alimuuliza.

"Atasema..." Uso wa Sajini ulianguka. "Atasema aliyetunga ni mzee. Alitunga nyumbani, akapiga simu. Ameshasema tayari."

"Kwa hiyo tumethibitisha uongo, hatujampata mwongo. Haitoshi kusema jedwali ni bandia. Lazima nijue daftari ni kweli. Na mtu mwerevu angeweza kutunga daftari lenye marudio mengi."

Alikwenda dirishani. Uani, ndoo ilikuwa imesahauliwa chini ya bomba, imejaa, inafurika.

"Kwa nini maji hupenya zaidi?" aliuliza, akijibu mwenyewe. "Kwa sababu bwawa limepanda. Kwa nini bwawa limepanda? Mvua. Si mvua ya hapa. Ya milimani, maji yanakotoka. Sajini, kule juu kuna chombo cha mvua kinachojirekodi chenyewe. Nani anakisoma?"

"Watu wa hali ya hewa. Hupanda mara moja kila miezi mitatu."

"Na mara ya mwisho walipanda lini?"

Sajini aliinua simu, akauliza, akasikiliza. Alipoitua, macho yake yalikuwa yamebadilika. "Zaidi ya miezi miwili iliyopita. Rekodi ya siku zetu bado imo ndani ya chombo. Hakuna binadamu aliyeiona."

*

Alhamisi Sajini alipanda milimani na maafisa wawili wa hali ya hewa. Chombo kilifunguliwa mbele yao, wote watatu wakatia sahihi, na jioni karatasi ikawa mezani kwa Inspekta. Alilala mapema. Ijumaa saa nne asubuhi aliomba Meneja aitwe kituoni, na akamwomba Mkuu aketi asikilize.

Meneja alikuja na tai. Alikataa maji, kisha akayaomba.

"Nitakuwa mfupi," alisema Inspekta. "Ulinifundisha kitu Jumatano. Ulisema maji hayana kauli moja, hubadilika kila saa."

"Ndivyo."

"Sivyo. Maji hurudia kauli yake mara tatu kwa kila kumi. Sajini wangu amelowesha viatu kulithibitisha hilo. Hata hamsini na moja mara tano ni kitu cha kawaida. Katika miezi mitano ya kupima ningeshangaa isipotokea. Lakini wewe unaamini kwamba mvivu hurudia na maji hayarudii. Na aliyetunga jedwali hili la siku arobaini na tatu anaamini hivyo hivyo. Marudio matano tu."

Meneja hakutikisika. "Basi alitunga. Nimesema tangu mwanzo. Mzee alinipigia namba za kutunga."

"Nilijua utasema." Inspekta alitandaza karatasi tatu ndefu, moja chini ya nyingine. "Hii ya juu ni mvua ya milimani. Siku hizo arobaini na tatu kulinyesha mvua kubwa mara nane. Ya kati ni daftari la mzee. Weka kidole kwenye mvua ya kwanza. Sogea siku mbili mbele, maji yafike bwawani. Daftari linasemaje?"

Meneja hakuweka kidole. Mkuu akaweka chake.

"Imeshuka," alisema Mkuu. "Arobaini na nane mpaka arobaini na tano."

"Mvua ya pili."

"Imeshuka tena. Halafu imepanda kidogo."

"Lakini haikurudi ilikotoka. Endelea, afande."

Mkuu aliendelea mpaka ya nane, kidole kikitoka mvua kwenda daftari, siku mbili, siku mbili, siku tatu, siku mbili. Kila mvua ilikuwa na jibu lake chini. Alipofika mwisho alikuwa amesimama.

"Hivi viwili vinajuana," alisema Inspekta. "Ukinionyesha kimoja, nitakukisia kingine. Sasa karatasi ya tatu, jedwali lako. Mvua nane zimepita juu yake, na lenyewe halikuitikia hata salamu."

"Mzee angeweza kuuliza habari za mvua," alisema Meneja haraka. "Angelitunga daftari lifuate mvua."

"Angemuuliza nani? Rekodi imetoka kwenye chombo jana saa saba mchana mbele ya mashahidi watatu. Daftari liko mikononi mwetu siku ya kumi na tatu leo. Ili mzee alitunge, ingebidi ajue ni kiasi gani kilinyesha mahali asipokuwepo, kwenye karatasi isiyosomwa na mtu. Njia ni moja tu ya mtu aliye bwawani kuijua mvua ya milimani: kukaa na ndoo chini ya bomba na kuhesabu. Mara tatu kwa siku. Alinakili, ndiyo. Alinakili ukweli."

Meneja alishika glasi, hakunywa.

"Kwa hiyo," Inspekta aliendelea, bila kupandisha sauti, "tuna mtu aliyezipima namba za kweli kila siku. Unataka niamini kwamba mtu huyo, akiwa na arobaini mkononi, aliinua simu akatunga hamsini na mbili, wakati shemeji yake analala chini ya ukingo huo?"

"Karani wangu..."

"Karani wako ameandika maelezo jana. Kuanzia tarehe kumi na mbili ulimwambia asipokee tena simu za bwawani. Mitambo ya simu inakubaliana naye: vipimo mia moja ishirini na saba vina simu iliyotoka kibanda cha mzee kwenda kwenye meza yako. Viwili havina. Siku moja laini ilikatika, akaja kwa miguu. Karani alimwona mlangoni, miguu ina tope. Namba zilitoka kwake zikiwa hai, zikafika kwenye jedwali zikiwa maiti. Katikati palikuwa na mtu mmoja."

Meneja aliisukuma karatasi ya kati mbali naye.

"Unajua ingekuwaje kama ningeshusha maji?" alisema hatimaye. Sauti ya darasani ilikuwa imekwisha. "Wiki tatu za mgao. Baada ya miaka kumi na miwili. Wageni wa ukaguzi walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi. Nilidhani mvua zitapita, sekunde zitapanda zenyewe. Siku moja nikaandika namba moja tu, ya kupitisha siku. Kesho yake ikabidi niandike nyingine."

"Tarehe kumi na mbili," alisema Inspekta.

"Tarehe kumi na mbili."

"Ndiyo siku uliyojua. Kama ungekaa kimya bila kuandika kitu, nisingeweza kuithibitisha siku hiyo mahakamani. Uongo wako ndio umeitia tarehe."

Mkuu alimwita askari wa zamu. Meneja alipotolewa, Mkuu alibaki ameziinamia zile karatasi tatu, anapitisha tena kidole kwenye mvua ya tano.

"Desimali," alisema, na safari hii jina lilitoka kama cheo. "Hii utanifundisha."

"Lete ndoo, afande."

*

Dada yake Mzee wa Ndoo alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Inspekta ndiye aliyemwita, hakumwambia kwa nini. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho makavu, mikono imekumbatia mkoba. Mzee alipotolewa mahabusu akamwona, alisimama palepale, hatua sita mbali, na hakusogea.

"Mama," Inspekta alimwambia mjane, "kaka yako anaachiwa sasa hivi bila shitaka lolote. Lakini nadhani hilo silo unalolitaka kulisikia kwanza."

Alilifungua daftari, akasoma kwa sauti, ukumbini pale pale, makarani na askari wakisikia. Tarehe kumi na mbili: arobaini na nane, arobaini na nane, arobaini na saba. Tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi na nne. Hakuruka siku. Sajini alivua kofia. Sekunde zilikuwa zikipungua mdomoni mwa Inspekta, na mjane, aliyeishi miaka thelathini na mtu wa pampu, hakuhitaji kuelezwa maana yake. Kufikia thelathini na tano alikuwa amefunika mdomo.

"Kila moja aliipima," alisema Inspekta. "Kila moja aliipeleka. Jioni ya mwisho, thelathini na tatu, alipiga simu mara mbili."

Mjane aliinuka. Alizimaliza zile hatua sita, akamtazama kaka yake usoni, kisha akaona kola ya shati lake imejikunja kwa kulala mahabusu. Akainyoosha kwa vidole.

"Kaka, nilikuwa nimeambiwa..."

"Najua ulichoambiwa."

"Marehemu alikuwa akisema kwamba wewe hukosei. Ukimkera kwa ndoo yako, analalamika, halafu anasema: 'Lakini hakosei.'"

Mzee aligusa kifungo cha shingoni.

Sajini alikohoa. "Mzee, gari liko tayari. Tunaweza kupitia mlango wa nyuma, mbele kuna watu wa magazeti wengi."

"Niliingia na pingu kupitia mlango gani?" aliuliza mzee.

"Wa mbele."

"Basi."

Alichukua daftari kutoka mkononi mwa Inspekta, akaligeuza, akaona lebo nyekundu ya kielelezo cha mahakama, akalirudisha mwenyewe. "Litunzeni vizuri," alisema. "Hakuna namba ya kubuni humo." Dada yake akampa mkono, na wakatoka pamoja kwenye jua la mchana, mzee akiwa ameinua kichwa, polepole, kama mtu asiye na sababu ya kuharakisha hatua hata moja.